Mlango wa Kushoto wa Mheshimiwa

Manka wangu,

Shuleni Sista alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuulizia hali. Yako naijua. Asubuhi umekunywa mtori bakuli mbili, umefunga begi, umelifungua, umelifunga tena, na sasa umekwenda parokiani kuwaaga wenzako wa kwaya. Yangu pia unaijua, maana umeniona nikifagia uwanja uleule mara mbili. Basi salamu nimeiruka, na Sista anisamehe.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari. Nimekaa kiti cha nyuma, upande ule ambao kioo hakipandi mpaka mwisho, na karatasi nimeziweka juu ya goti. Usicheke. Shangazi zako wamejaa jikoni, kila mmoja ana la kukushauri na kila mmoja anataka nimsikilize yeye kwanza, kwa hiyo mahali pekee penye kimya ni hapa. Mlima umefunga mawingu tangu jana. Mvua imekatika, ila migomba bado inadondosha maji juu ya paa la gari.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za chakula cha Mwanza, wala namna ya kuwajibu wakubwa wa chuo cha uuguzi. Hayo shangazi zako watakuambia jioni hii. Nataka kukuandikia juu ya gari hili. Kati yangu na wewe, Manka, limesimama gari. Ni miaka minne hujalipanda. Kesho asubuhi litakuwa hapa uwanjani, na wewe ama utapanda nikupeleke stendi, ama utapita pembeni yake na begi lako kama unavyopita siku zote. Sijakuuliza utafanya lipi, maana naogopa jibu. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa na miaka mitatu lilipokuja, kwa hiyo mengi utakuwa umeyasikia tu. Baba yako alikuwa dereva wa mkurugenzi katika shirika moja la umma pale mjini. Alikuwa akisema kuendesha ni sehemu ndogo ya kazi ile. Kazi yenyewe ni kufungua mlango. Unasimamisha gari taratibu, unazunguka kwa nyuma, si kwa mbele, unafungua, unasimama wima, na humtazami mtu usoni mpaka aseme yeye kwanza. Alifanya hivyo tangu hatujaoana. Kisha ikaja ile miaka ambayo mashirika yaliuzwa, na mengine yalifungwa tu, na shirika lao likawa miongoni mwa yaliyofungwa. Wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo, na mali za ofisi zikapigwa mnada: meza, mashine za chapa, na gari la mkurugenzi.

Wenzake walinunua mabati, ng'ombe wa kisasa, cherehani. Mimi nilikuwa nimeshapanga. Nilimwambia, "Baba Manka, tununue mashine ya kusaga. Watu hawataacha kula ugali."

Akasema, "Ndiyo, mama. Umesema vizuri."

Akashuka mjini. Jioni nikasikia honi kule barabarani, honi ya sauti nene kama ya mtu aliyeshiba. Kijiji kizima kilitoka. Nami nikatoka zizini na reki mkononi, na hapo nikaliona: refu, la Kijerumani, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Baba yako alishuka akiwa na sare yake ya kazi, kofia kichwani, ingawa kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Akazunguka kwa nyuma. Akafungua mlango. Akasimama wima.

"Karibu, Mheshimiwa."

Nikamwambia, "Yusto, umerukwa na akili? Mashine iko wapi?"

"Panda kwanza."

"Nina mbolea miguuni!"

"Panda na mbolea yako. Miaka yote nimewafungulia watu mlango. Leo namfungulia mtu wangu."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akaketi chini. Mimi nilipanda, mwanangu. Siti zilikuwa za ngozi, na zilinipokea bila kelele, kama mtu mzima anavyompokea mtoto. Nikasahau mashine ya kusaga. Baadaye nikaikumbuka tena, na nimeikumbuka mara nyingi tangu siku ile, lakini pale ndani niliisahau kabisa. Wewe ulikuwa mgongoni kwa shangazi yako unalia, kwa sababu ulidhani nachukuliwa.

Watoto wakaanza kuniita Mheshimiwa. Kisha jina likanitoka likaenda kwa gari, na huko ndiko liliko mpaka leo.

Kosa la kwanza lilifanyika wiki hiyohiyo. Nyumba yetu iko ndani ya kihamba, katikati ya migomba na mibuni ya ukoo, na njia ya kufikia hapa ilikuwa ya mtu mmoja na mzigo wake wa majani kichwani. Baba yako hakutaka Mheshimiwa alale barabarani. Akakata mibuni ya njiani, na kwa mibuni hakuna aliyemlaumu sana, maana bei ya kahawa ilikuwa imekwisha kutuvunja moyo. Lakini bado njia ilikuwa nyembamba kwa upana wa tairi moja. Upande huo palikuwa na masale, mpaka wetu na Meku Ludoviki, mzee wetu, baba mdogo wa baba yako.

Huko uendako watakuuliza isale ni nini, kwa hiyo nikuandikie sawasawa, usije ukaeleza nusu. Isale ni mmea unaotuonyesha mwisho wa kihamba cha mtu na mwanzo wa cha mwenzake. Mawe husogezwa gizani, isale haling'olewi. Na isale hilohilo ndilo jani la kuombea. Mtu akikujia nalo mkononi akakuomba, iwe msamaha au jambo zito, humkatalii. Hata kama umeapa. Wazee wetu walijua kwamba hasira haina breki, wakaiwekea jani.

Basi baba yako, mtu mpole yule, aling'oa masale asubuhi moja Meku akiwa msibani. Alifikiri ataomba ruhusa baadaye. Meku aliporudi alisimama penye pengo akiwa bado na viatu vya msiba. Mimi nikamwamkia, "Shikamoo, meku." Hakuitikia, na kwa mzee yule hilo halijawahi kutokea.

"Yusto," akasema, "masale haya aliyapanda babu yako. Mimi nilikuwa mtoto, nikimshikia miche. Umeyang'oa ili kiti cha mkurugenzi kipite?"

 Jioni baba yako alikwenda kwake na wazee wawili, kibuyu cha mbege, na jani la isale. Meku akalipokea. Kulikataa hakuwezekani. Masale yakapandwa upya, hatua moja ndani ya kihamba chetu, njia ikapanuliwa upande wa migomba yetu, likabaki pengo moja tusilolijaza, na kwa mujibu wa mila mambo yakaisha. Lakini Meku Ludoviki hakuligusa gari hili. Baba yako alisimama mara ngapi njiani, mzee anapanda mlima na fimbo, mvua inanyesha! "Meku, panda, tunakwenda wote." Naye hujibu bila kusimama, "Nilipokea jani. Sikupokea gari."

Wewe ulikua nalo, kwa hiyo sina haja ya kukueleza namna Mheshimiwa alivyoishi nasi. Alizaliwa kubeba wakubwa akaishia kubeba majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Buti lake halijawahi kufunga sawasawa tangu tulipolijaza majani hadi kamba ikakatika. Ndama amekaa katika kiti hiki ninachokalia, na hata leo jua likikiwakia sana kinamkumbuka. Mama Filomena alijifungulia humu kabla hatujafika hospitali, na mtoto yule hadi sasa akiona gari letu husema, "Kwetu pale."

Masika akikwama tulitandika majani makavu ya mgomba chini ya matairi, yanashika kuliko changarawe, na wanaume wakasukuma huku wakimtania baba yako: "Yusto, mwambie Mheshimiwa ashuke apunguze uzito!"

Naye anajibu, "Mheshimiwa hashuki. Ninyi sukumeni, mtakumbukwa kwenye uchaguzi."

Vipuri vyake havikupatikana. Fundi Shabani wa Kiboriloni alimtibu kwa viungo vya magari mengine, hadi mwenyewe akasema, "Mama Manka, hili gari sasa ni mchanganyiko kama mimi. Babu Myemeni, bibi Mpare, na bado natembea." Tangi lilipotoboka aliliziba kwa sabuni ya kufulia, akatuapia kwamba ni kwa siku mbili tu, na sabuni ile ikadumu kuliko ndoa yake ya kwanza, hayo ni maneno yake, si yangu. Ni yeye aliyeweka kitasa cha gari jingine kwenye mlango wa mbele wa kushoto. Tangu siku hiyo mlango ule haufunguki kwa nje. Aliyeko kwenye usukani ndiye anayenyoosha mkono na kuufungua kwa ndani. Baba yako alimrudishia gari mara mbili. Fundi akasema, "Yusto, kwani wewe si kazi yako kufungua mlango?" Basi ukabaki hivyo.

Nikwambie kitu ambacho kilitugharimu. Tulikuwa tunampenda Mheshimiwa kwa kitambaa. Kila Jumamosi baba yako alimsugua mpaka ukaona migomba ndani ya mlango wake. Na mvua zikianza tulimfunika kwa turubai, na juu ya turubai majani makavu ya mgomba, kama tunavyofunika vitu vyetu vyote huku. Tuliona fahari: gari la wengine linanyeshewa, letu limelala pakavu. Kumbe majani yalihifadhi unyevu, panya wakazaa kwenye nyaya, na kutu ikala chini kimyakimya. Siku Fundi alipolipandisha juu ya magogo akaniita nichungulie. Chini palikuwa kama mkate uliotafunwa. Magari ya watu yaliyonyeshewa yalikuwa mazima, maana mvua iliyapiga na jua likayakausha. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo hata kwa mengine yaliyomo nyumbani mwetu. Tulilolifunika ndilo lililooza.

Kisha baba yako akaugua. Miguu ilitangulia kukataa. Hospitali iko mjini, gari lipo uwanjani, na dereva ni mgonjwa. Akaniambia, "Mama Manka, kaa upande huu."

Unakumbuka nilivyojifunza? Uliketi nyuma na kucheka. Nilijifunza kama nilivyofundishwa kila kitu: kwa kukariri. Klachi, gia, klachi, taratibu. Niliyasema kwa sauti kama jedwali la mara saba. Baba yako aliketi kushoto, blanketi magotini, na hakunifokea hata mara moja. Alisema tu, "Usimkimbize. Mzee huyu. Mwambie kwanza unachotaka, ndipo ufanye." Nilipozima gari pale kwenye daraja la mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, na watu nyuma wakapiga honi, alisema, "Waache wapige. Hizo ni honi za watu wenye haraka, na sisi hatuna." Tukacheka wote watatu.

Kila tulipofika hospitali nilizunguka kwa nyuma, si kwa mbele. Lakini mlango ule haufunguki kwa nje, kwa hiyo nilikuwa nimeshaufungua kwa ndani kabla sijashuka, nikinyoosha mkono juu ya magoti yake. Mara moja alinishika mkono hapohapo. Akasema, "Sasa umekuwa dereva." Ulikuwa darasa la tatu alipotuacha.

Baada ya hapo gari lingeweza kufa pia. Watu walinishauri niliuze. Sikuliuza, kwa sababu lilikuwa na sauti yake, na kwa sababu nyingine ambayo sikuijua hadi nilipoizoea. Unajua Desemba huku kwetu: wote waliotawanyika wanarudi, kutoka Dar, Arusha, Mbeya, kila kihamba kinawaka taa, na kila Jumamosi kuna harusi. Bibi arusi mmoja akaomba Mheshimiwa. Halafu wa pili. Nikalifunga riboni, nikavaa gauni langu la kitenge na kofia ya baba yako, na nikawa nazunguka kwa nyuma, nafungua mlango, nasimama wima. Watu walipenda. "Mama Mheshimiwa huyo!" Mimi niliyeachia shule kidato cha pili, niliyekuwa nanyoosha mkono darasani hata kama jibu sina hakika nalo ili mradi nionwe, nikawa naonwa. Sikuwa na ubaya wowote moyoni, Manka. Lakini mtu anaweza kuwa na njaa bila kujua, na siku akilishwa hasikii anapoitwa.

Sasa nimefika kwenye kipaimara chako.

Nilikuahidi kwamba siku hiyo Mheshimiwa atakuwa wako. Riboni uliichagua wewe, nyeupe na bluu ya Bikira Maria. Tulikubaliana nitakuchukua wewe na msimamizi wako pale kona ya shule, kwa kuwa ulilala kwake, na tutapanda hadi parokiani, na nitakufungulia mlango mbele ya watu wote. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikiwa nafunga riboni, nikamwona Meku Ludoviki penye pengo la masale. Alivaa koti lake la kanisani. Mkononi alikuwa na jani.

Jambo hili sikuwahi kukueleza. Nilihofia kwamba maelezo yatafanana na utetezi, na Sista alitufundisha kwamba kuomba radhi kwenye "lakini" ndani yake ni kama chai yenye nzi. Leo nakueleza ili ujue yote, usijue nusu.

Akasema, "Mwanangu, gari la mjukuu wangu, bibi arusi, limekwama kule chini, na harusi iko mjini. Padri hasubiri." Akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Mumeo aliniletea hili nikalipokea kwa mkono tu. Leo naleta mimi. Yaishe."

Nililipokea. Kisha nikafanya hesabu ya haraka ya mtu anayejidanganya: nitamshusha bibi arusi, nitapanda, nitakuta Manka bado ananisubiri. Nikanyoosha mkono, nikamfungulia Meku mlango wa kushoto. Miaka kumi na zaidi alikuwa amepita pembeni ya gari lile. Akaingia, akakaa, akagusa ngozi ya kiti kwa kiganja chake, akasema polepole, "Kumbe ndivyo lilivyo." Njia nzima nilikuwa naona fahari iliyojaa kifuani. Laiti Yusto angeona, ndivyo nilivyokuwa nikiwaza. Tulipita kona ya shule upande wa chini, na wewe ulikuwa bado hujafika.

Mengine unayajua kwa upande wako. Kwa upande wangu, nilipokuwa narudi nilikwama kwenye mfongo. Maji yalikuwa yamefurika, na wanaume wote walikuwa harusini au kanisani. Nilivua viatu, nikachana majani ya mgomba wa watu, nikayasukumiza chini ya tairi kwa mikono, tairi likayatafuna. Nikasikia kengele ya parokia. Nikaendelea kuchana. Nikasikia ya pili.

Nilipofika, Misa ilikuwa imekwisha. Ulikuwa umesimama na wenzako mnapigwa picha, na gauni lako jeupe lilikuwa na tope hadi magotini. Msimamizi wako aliniambia mlisubiri kona ile mpaka wewe mwenyewe ukasema, "Twende." Ulipanda kilima chote kwa miguu ukiwa umeinua gauni, na mvua ikawakuta katikati. Nilikuja kwako na riboni ile imelowa kwenye boneti, nikasema pole. Hukulia. Ulinitazama kama mtu mzima, ukasema, "Gari ni la maharusi, Mama. Mimi nina miguu."

Na tangu siku hiyo umetembea. Shuleni, sokoni, hospitali ulipokuwa na malaria. Umeniheshimu katika yote mengine, hujanijibu vibaya hata siku moja, na ukipita uwanjani unalizunguka gari kwa mbali kidogo, kama Meku Ludoviki.

Kwa muda mrefu nililaumu jani. Nilijiambia, isale halikataliwi, ningefanyaje? Lakini nimekaa humu saa nyingi, na najua sasa ningefanyaje. Ningelipokea jani, ningesema, "Meku, yameisha. Twende kwanza tukamchukue mwanangu, tumfikishe kanisani, kisha tukamfuate bibi arusi." Angesubiri. Mzee aliyekuja na isale mkononi angesubiri hata hadi jioni. Mimi ndiye ambaye sikuweza kusubiri. Nilitaka kumwona akipanda. Nilimfungulia mlango aliyenikataa, kwa sababu alinikataa, na nikamwacha barabarani yule ambaye hakuwahi kunikataa, kwa sababu nilikuwa na hakika naye. Hilo ndilo kosa langu, na halina jani ndani yake. Ukiwa muuguzi utakutana na wagonjwa wakali watakaokufanya ukimbie, na wapole watakaonyamaza kwenye vitanda vya mwisho. Siandiki kukufundisha. Naandika kwa sababu nilipolielewa, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kunijia akilini.

Wiki hii umemwona Fundi Shabani hapa siku mbili, amelala chini ya gari, akilalamika juu ya matope. Breki ni mpya. Mkanda wa feni ni mpya. Alitaka pia kurekebisha kile kitasa cha kushoto, amepata cha gari lilelile, mtu kamletea. "Mama, nimetafuta kitu hiki tangu marehemu yupo!" Nilimwambia akiweke mfukoni. Akanitazama, akasema, "Haya. Kila mtu na ugonjwa wake." Fundi yule huongea sana, lakini anajua pa kunyamaza.

Leo baada ya wewe kuondoka nilikwenda mpakani nikakata isale. Nilikata kitawi chenye majani mazuri, nikaja nacho, nikakiweka juu ya kiti cha mbele cha kushoto ili ukikute kesho. Nimelitazama isale lile muda wote nilipokuwa naandika. Lilionekana zuri pale, kijani juu ya ngozi kuukuu.

Nimeliondoa.

Nimeliondoa kwa sababu halikataliwi. Baba yako alilipeleka kwa Meku, na Meku akalipokea kwa mkono huku miguu yake ikiendelea kukataa. Meku akaniletea mimi, nikajificha nyuma ya jani. Sitaki kukufunga mikono wewe, mtoto uliyefungwa mikono na adabu yako mwenyewe miaka minne. Nataka uweze kunikatalia, Manka, na ukinikatalia nitakuwa bado ni mama yako, na wewe hutakuwa umevunja kitu. Kitawi nimekwenda kukichomeka kwenye udongo, pale penye pengo. Isale halina makuu. Ukilichomeka tu, linashika.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, huenda ni wewe unarudi. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uisome kabla hujalala, maana ikisomwa Mwanza haitanisaidia kitu.

Kesho kukipambazuka utasikia injini. Usiamke kwa ajili yake. Unajua Mheshimiwa anahitaji muda wa kupata joto, hasa kukiwa na baridi ya mlima. Nitakuwa nimekaa kwenye usukani. Sijafunga riboni yoyote. Ukitoka na begi ukapita pembeni, nitazima injini, nitashuka, nitashika upande mmoja wa begi, tutateremka pamoja kwa miguu hadi barabarani, na neno la gari sitalitaja. Tutaongea juu ya ndama.

Na kama utasimama upande wa kushoto, usihangaike na kitasa. Simama tu hapo. Nitanyoosha mkono.

Mama yako